RLS ya Postgres na spidi: maswali yanayorudi kila wiki

Haya maswali nimeyajibu mara nyingi sana kwa madevelopa wa mifumo ya saccos, shule na maduka mpaka nimechoka kuyaandika upya, nimeyaweka hapa yote. Mfano ni mmoja kuanzia juu mpaka chini: saccos yenye matawi, jedwali linaitwa `mikopo`, lina kolamu ya `tawi_id`, na karani wa tawi moja hatakiwi kuona mikopo ya tawi lingine. Ukisoma jibu moja tu la ukurasa huu, soma lile la fanksheni ndani ya sera.

## Mwanzo mwanzo

RLS ni nini kwa kifupi?

Ni row-level security, yaani ruhusa ya ngazi ya mstari ndani ya Postgres, programu ya databesi. Ruhusa za kawaida za databesi zinasema fulani anaweza kusoma jedwali la mikopo, basi, akishaingia anaona lote. RLS inakwenda ndani zaidi, inasema anaweza kusoma jedwali ila mistari hii tu. Postgres waliileta kwenye toleo la 9.5, Januari 2016, ingawa Oracle walikuwa na kitu cha aina hiyo tangu enzi za 8i. Unaiwasha kwenye jedwali, unaandika sera (sharti la nani aone mistari gani), na kuanzia hapo Postgres yenyewe inabandika sharti lako kwenye kila kweri (swali kwa databesi) inayogusa jedwali hilo, hata kama aliyeandika kweri alisahau. Ukiiwasha bila kuandika sera yoyote, mtumiaji wa kawaida haoni kitu, anapata sifuri, na wengi siku ya kwanza hudhani data imefutika. Haijafutika, tulia.

Kwani kuweka `where tawi_id = ...` kwenye kodi hakutoshi?

Kunatosha mpaka siku mtu asahau. Kweri mia mbili kwenye mradi, madevelopa wanne, mmoja kaanza kazi Jumatatu, sasa hapo unategemea kumbukumbu ya binadamu kulinda mkopo wa mtu. Mimi naweka vyote viwili: RLS kama ukuta, na `where` ya kawaida kwenye kweri kubwa kubwa, kwa sababu inaipa plana (sehemu ya Postgres inayochagua njia ya kuendesha kweri) taarifa ya wazi na haina hasara yoyote.

Sasa inapunguza spidi kiasi gani?

Swali mama hilo, na jibu halina asilimia, anayekupa asilimia moja kwa mifumo yote anakudanganya. Sera rahisi kama `tawi_id = 7` yenye indeksi (orodha ya kutafutia mistari haraka) gharama yake huioni, ni sawa na ungeandika `where` mwenyewe. Mara nyingine kweri inakuwa nyepesi kuliko mwanzo maana inasoma mistari michache. Sera inayoita fanksheni inayosoma jedwali lingine kwa kila mstari, hiyo inaweza kugeuza kweri ya milisekunde 5 kuwa ya sekunde 20.

Fikiria mlinzi getini. Kuangalia kitambulisho hakuchukui muda. Lakini mlinzi akiamua kwamba kila anayeingia lazima kwanza apige simu makao makuu aulize "na huyu naye?", foleni inafika barabarani. Kitambulisho ni kilekile, kilichobadilika ni idadi ya simu.

Mbona kwenye laptop yangu iko fasta afu produksheni inakufa?

Sababu ni mbili na zote nimezipitia. Kwanza laptop yako ina mistari 300. Pili, na hii ndo inayouma, kwenye laptop unaingia kama superuser au kama mwenye jedwali, na hao wawili RLS haiwagusi. Superuser na role (akaunti ya databesi) yenye BYPASSRLS wanapita moja kwa moja, mwenye jedwali naye anapita isipokuwa umeweka FORCE ROW LEVEL SECURITY. Kwa hiyo miezi yote uliyokuwa unapima hukuwa unapima sera, ulikuwa unapima jedwali lisilo na mlinzi.

## Kinachokula muda

Nimeandika fanksheni nzuri ndani ya sera, kwa nini kweri imekuwa nzito hivi?

Hili ndo lenyewe. Sera inakuwa hivi:

```sql
create policy tawi_lake on mikopo
  using (tawi_id = tawi_la_mtumiaji());
```

Inasomeka vizuri, bosi anaielewa, reviu inapita. Ndani ya `tawi_la_mtumiaji()` kuna kodi ya plpgsql (lugha ya fanksheni za Postgres) inayokwenda jedwali la watumishi kutafuta tawi la aliyeingia. Sasa endesha EXPLAIN ANALYZE, inayoonyesha njia iliyopitia kweri na muda wake, uone:

```
Seq Scan on mikopo
  Filter: (tawi_id = tawi_la_mtumiaji())
  Rows Removed by Filter: 962000
```

Seq Scan ni kusoma jedwali zima, na hiyo Filter maana yake fanksheni imeitwa kwa kila mstari. Mikopo milioni moja, tuseme kila wito unakula maikrosekunde 20, ambayo kwa fanksheni inayosoma jedwali lingine si nyingi, piga hesabu ya darasa la nne: sekunde 20. Na jibu la fanksheni muda wote huo ni lilelile! Karani hajahama tawi katikati ya kweri.

Dawa ni mabano na neno moja:

```sql
  using (tawi_id = (select tawi_la_mtumiaji()));
```

Postgres ikiona select ndogo isiyotegemea mstari wowote wa nje inaifanya kuwa InitPlan, yaani inaiendesha mara moja mwanzoni, inashika jibu, inaendelea. EXPLAIN inabadilika:

```
Index Scan using mikopo_tawi_idx on mikopo
  Index Cond: (tawi_id = $0)
  InitPlan 1 (returns $0)
```

Kwenye toleo la 17 badala ya `$0` utaona `(InitPlan 1).col1`, usishtuke, ni kitu kilekile. Saccos moja tuliyoijengea mfumo, ripoti ya mwisho wa mwezi ilikuwa mhasibu anaibonyeza afu anatoka kwenda kununua vocha dukani, akirudi bado inazunguka, tukaongeza seva RAM, tukabadili diski, tukalaumu mtandao wa ofisini. Ilikuwa hiyo select.

Hiyo select ya kuzungushia inafanya kazi wakati wote?

Hapana. Inafanya kazi pale tu fanksheni haichukui chochote kutoka kwenye mstari. Ukiandika `(select anaruhusiwa(mikopo.id))` umeipa kolamu ya mstari, hapo hakuna namna, lazima iulizwe upya kila mstari, na kwenye EXPLAIN utaona SubPlan badala ya InitPlan. Geuza swali: usiulize "huyu anaruhusiwa mkopo huu?", uliza "huyu anaruhusiwa matawi gani?" mara moja, afu linganisha. Tazama swali la matawi matatu hapo chini.

Ina bei yake pia, ndogo. Plana wakati inapanga haijui thamani itakayotoka kwenye InitPlan kwa hiyo inakadiria wastani wa matawi yote. Kama makao makuu wana zaidi ya nusu ya mikopo yote na tawi la kijijini lina mikopo arobaini, plana itawapangia wote njia moja, na mmoja wao ataumia kidogo. Kidogo kuliko sekunde 20 lakini.

STABLE na VOLATILE zina tofauti gani hapa?

Ukiandika fanksheni bila kusema kitu Postgres inaichukulia kama VOLATILE, yaani inaweza kutoa jibu jipya kila ikiitwa, na kitu cha hivyo hakiwezi kutumika kwenye sharti la indeksi. Andika STABLE kama kweli jibu halibadiliki ndani ya kweri moja. Pia chaguo la kawaida ni PARALLEL UNSAFE, ambalo linaizuia kweri nzima isigawanywe kwa wafanyakazi wengi, kwa hiyo seva yako ya kori 16 inatumia kori moja na nyingine zinaota jua. Kama fanksheni inasoma tu, andika PARALLEL SAFE. Maneno mawili hayo, dakika moja, watu wengi hawayaweki.

Ila usidhani STABLE peke yake imemaliza kazi. STABLE inaruhusu kuulizwa mara moja, hailazimishi. Plana ikichagua kusoma jedwali zima, Filter itaita fanksheni kila mstari kama kawaida.

Indeksi niweke wapi?

Kwenye kolamu ambayo sera inaitumia, hapa `tawi_id`. Na kama kweri zako nyingi zinachuja pia kwa tarehe au hali ya mkopo weka indeksi ya pamoja ikianza na `tawi_id`, mfano `(tawi_id, tarehe_ya_mkopo)`, maana sasa `tawi_id` ipo kwenye kila kweri upende usipende.

Karani mmoja ana matawi matatu. Niandike EXISTS au IN?

Wengi wanaanza na EXISTS inayolinganisha `mikopo.tawi_id` na jedwali la `matawi_ya_mtumishi`. Kwenye kweri ya kawaida plana ingeigeuza kuwa join na mambo yangekwenda, ila sharti la sera linashughulikiwa pembeni, haligeuzwi kuwa join, linabaki SubPlan. Ukibahatika inakuwa hashed (jibu linaandaliwa mara moja), usipobahatika inaulizwa mstari kwa mstari.

Mimi naandika hivi:

```sql
using (tawi_id = any (array(
  select m.tawi_id from matawi_ya_mtumishi m
  where m.mtumishi_id = (select mtumishi_wangu()))))
```

`mtumishi_wangu()` inarudisha namba ya aliyeingia. Orodha ya matawi inatengenezwa mara moja, na indeksi ya `tawi_id` inatumika. Matawi matatu, thelathini, hata mia tatu inavumilika. Ikifika maelfu basi mfumo wako wa ruhusa una tatizo lingine kabisa, tazama swali la kutoa ruhusa nje ya databesi.

Angalizo: kama `matawi_ya_mtumishi` nalo lina RLS, sera yake nayo inabandikwa humo humo ndani, mlinzi juu ya mlinzi. Na zikirejeana, sera ya A inasoma B na ya B inasoma A, utapata `infinite recursion detected in policy`. Njia ya kutokea ni kuweka huo utafutaji ndani ya fanksheni ya SECURITY DEFINER (inaendeshwa kwa ruhusa za mwenye fanksheni) yenye `search_path` (mahali inapotafuta majedwali) iliyofungwa, ila kumbuka fanksheni hiyo haifunguliwi na plana, kwa hiyo lazima ikae ndani ya select.

Sera nyingi ndogo ndogo au moja kubwa?

Sera za kawaida zinaunganishwa kwa OR, na zile za RESTRICTIVE zilizokuja toleo la 10 zinaunganishwa kwa AND. OR ndo adui. Karani aone tawi lake, AU mkaguzi aone yote, AU meneja aone ya mkoa, ukishafika hapo plana inakata tamaa na indeksi, inasoma jedwali lote. Tumia `to`: sera moja `to karani`, nyingine `to mkaguzi using (true)`. Sera isiyokuhusu haiingii kabisa kwenye kweri yako, OR inapotea yenyewe.

## Kupima na mambo ya ajabu

Nitajuaje kama mchawi ni RLS na si kitu kingine?

Endesha kweri ileile mara mbili, mara ya kwanza kama superuser, mara ya pili ndani ya transaksheni ukiwa umevaa role ya programu yenyewe (`app.mtumishi` ni setingi yetu inayobeba namba ya aliyeingia):

```sql
begin;
set local role karani;
set local app.mtumishi = '41';
explain (analyze, buffers) select ...;
rollback;
```

Linganisha. Kama mpango ni uleule na muda ni uleule, acha kuisumbua RLS, nenda katafute kwingine. Kama umebadilika angalia vitu vitatu: jina la fanksheni yako ndani ya Filter, SubPlan yenye `loops` kubwa, na Rows Removed by Filter inayotisha. Usisahau kwamba bila kuandika `where` kwenye mara ya kwanza superuser anasoma matawi yote, kwa hiyo mwekee `where tawi_id` ya kawaida ili ulinganisho uwe wa haki.

Kutafuta mwanachama kwa jina kumekuwa kuzito ghafla na indeksi ya jina ipo. Kwa nini?

Hapa ndo wengi wanavuta nywele. Postgres ina kanuni kwamba sharti la sera litangulie, na sharti la mtumiaji lisiguse mstari ambao haujaruhusiwa, isipokuwa opereta yake imethibitishwa kuwa LEAKPROOF, yaani haiwezi kuvujisha ilichokiona. Sababu ni ya maana. Fikiria karani mjanja anaandika `where 1/(salio - 5000000) > 0`. Kama sharti hilo lingeendeshwa kabla ya sera, kosa la kugawa kwa sifuri lingemwambia kwamba kuna mtu tawi lingine ana salio la milioni 5 kamili, bila kuonyeshwa hata mstari mmoja.

Sasa tatizo ni kwamba LIKE si LEAKPROOF, ILIKE si, utafutaji wa maandishi wa `@@` si, na `lower(jina)` pia si. Usawa wa kawaida, `jina = 'Asha'`, ni LEAKPROOF. Kwa hiyo indeksi yako nzuri ya GIN (ya kutafuta maandishi) uliyoihangaikia inakaa pembeni inatazama.

Ninachofanya: indeksi ya `tawi_id` ipunguze kwanza, afu LIKE ipite kwenye mistari ya tawi hilo tu, kwa tawi la wanachama elfu chache inatosha kabisa. Kwa herufi kubwa na ndogo natengeneza kolamu ya kuzalishwa yenye jina la herufi ndogo, zipo tangu toleo la 12, nalinganisha kwa usawa. Kuna watu wanashauri uitangaze fanksheni ya LIKE kuwa LEAKPROOF kwa nguvu, superuser anaweza, lakini hapo umejitolea kumhakikishia kila mteja kwamba hakuna kitakachovuja, mimi siwezi kusaini hiyo.

## Koneksheni, kashe na kutoka nje

Tunatumia PgBouncer na kuna karani kaona mikopo ya tawi lingine!

Umeweka `set app.mtumishi` bila LOCAL, na PgBouncer, ile inayogawia watumiaji wengi koneksheni chache za databesi, iko kwenye modi ya transaksheni. Koneksheni ya seva inarudi bwawani ikiwa bado imevaa jina la yule wa kwanza, anayefuata anaikuta imevaa. Kama umepanda daladala ukakaa kiti chenye tiketi ya mwenzako. Tumia `set local` ndani ya transaksheni, au `set_config` yenye `true` mwishoni, na kila ombi liwe na `begin` yake. Inaongeza safari moja ndogo kwenda databesi, lipa tu.

Baada ya hapo napata `invalid input syntax for type integer: ""`. Hii nini tena?

`set local` ikiisha, ile setingi hairudi kuwa NULL kwenye koneksheni hiyo, inabaki maandishi matupu, na maandishi matupu hayageuki kuwa namba. Andika `nullif(current_setting('app.mtumishi', true), '')::int`. Mtu asiye na jina anapata NULL, NULL hailingani na tawi lolote, haoni kitu. Ndivyo inavyotakiwa.

Naweza kukashe ruhusa ili zisiulizwe kila mara?

Unaweza, mfano ukaweka orodha ya matawi ndani ya tokeni wakati wa kulogini, na sera ikasoma setingi bila kugusa jedwali lolote. Hiyo ni rahisi kuliko zote kwa spidi. Swali ni moja: karani akiachishwa kazi saa 4 asubuhi, na tokeni yake inaisha saa 10 jioni, hayo masaa 6 ni ya nani? Kwa kuangalia ratiba ya mikutano sawa. Kwa kuidhinisha mkopo, hapana, uliza jedwali lenyewe.

Si bora nitoe ruhusa zote nje, nitumie OPA (Open Policy Agent, programu ya nje ya kuamua ruhusa) au kitu kama Zanzibar (mfumo wa ruhusa wa Google)?

Inategemea swali lako. "Je, Juma anaweza kuidhinisha mkopo huu mmoja?" OPA ikikaa kwenye mashine moja na programu inajibu vizuri. Shida ni orodha. "Nionyeshe mikopo yote anayoruhusiwa Juma", ukiuliza huduma ya nje kwa kila mkopo, milisekunde 1 mara mistari 200 ni milisekunde 200 kabla hujachora skrini, na ukurasa wenye jumla ya chini ndo usiseme. Hapo unarudi kwenye mlinzi na simu. OPA ina njia ya kutathmini nusu sera na kukurudishia masharti uyageuze kuwa `where`, hiyo ndo njia ya maana ya kuitumia kwa orodha.

Zanzibar ya Google, ambayo watu wetu wanaipenda kwa jina tu, walieleza mwaka 2019 kwamba inahudumia mamilioni ya maombi kwa sekunde na asilimia 95 ya majibu yanatoka chini ya milisekunde 10. Sawa, ila wamefika hapo kwa kashe zilizosambazwa, indeksi maalumu ya makundi yaliyomo ndani ya makundi, na namna ya kuhakikisha kashe haimrudishii ruhusa mtu aliyeondolewa. Saccos yenye matawi 12 haina tatizo hilo.

## Ya pembeni

Kuingiza data nyingi kwa COPY kumegoma.

COPY FROM haikubaliki kwenye jedwali ambalo RLS inakuhusu, Postgres yenyewe inakwambia tumia INSERT. Ama ingiza kwa role yenye BYPASSRLS, ama weka kwenye jedwali la muda afu `insert ... select`. Na kumbuka WITH CHECK inakaguliwa kila mstari unaoingia, kwa hiyo ile kanuni ya select inahusu hapo pia.

View yangu inaonyesha matawi yote!

View (kweri iliyohifadhiwa inayosomwa kama jedwali) kwa kawaida inakagua ruhusa kwa jina la aliyeitengeneza. Kama ni mwenye jedwali, RLS haimgusi. Tangu toleo la 15 weka `security_invoker = true`. Ikishaanza kukagua kama inavyopaswa itakuwa nzito kidogo, na hiyo "spidi" uliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa uvujaji.

Bakapu inagoma usiku.

pg_dump, programu ya bakapu ya Postgres, inazima RLS makusudi na ikikuta role haina ruhusa ya kuipita inakataa kuliko kukupa bakapu ya nusu. Mpe mtumiaji wa bakapu BYPASSRLS. Usimpe mtumiaji wa programu, hata kama ni Ijumaa saa 11 jioni na ripoti inasubiriwa.